Ubao Uliouzwa Mara Tatu

Ukitaka kumkasirisha Mama Jebet, mwite mjane. Atakuuliza kama umekuja kula au umekuja kumhesabia maiti, na chapati utakayoletewa itakuwa ile ya chini kabisa, iliyoungua upande mmoja. Jina lake ni Jepleting. Jebet ni binti yake, mwalimu huko Iten. Hoteli yake iko Salgaa, kando ya barabara kuu, mahali ambapo madereva wa trela huegesha magari na kushuka kunyoosha migongo. Mimi naitwa Wachuka, jirani yake wa mlango wa pili, nauza vipuri vya malori. Haya nitakayosimulia sikuhadithiwa na mtu. Niliyaona kutoka kwenye kiti changu cha plastiki, na mengine nilitia mdomo wangu mwenyewe.

Niseme mapema kwamba simpendi Sydney. Kuna watakaosoma haya na kusema, maskini, kijana alijaribu. Waende wakamwambie Mama Jebet hivyo ana kwa ana, wakati anakata sukuma.

Mume wa Mama Jebet aliitwa Kiprugut. Alikuwa dereva wa trela, mtu mrefu, mpole, asiyependa kupiga honi. Alianza kuja hotelini kula kama madereva wengine, akaendelea kuja, mwishowe akaacha kulipa, na hivyo ndivyo watu wa Salgaa walivyojua kwamba wawili hao wameoana. Sherehe haikuwepo. Ndugu zake wa Kuresoi hawakumtambua Jepleting hata siku moja, hata baada ya Jebet kuzaliwa na kutoka na paji la uso la baba yake. Kwao aliendelea kuwa "yule wa hoteli".

Asubuhi moja Kiprugut alipiga simu kutoka Mau Summit, akamwambia mkewe ateleke chai, anashuka. Akashuka Sachangwan na mzigo wa mbao, breki zikakataa, na kwenye kona ya mwisho kabla ya Salgaa trela ikalala. Chai ilikuwa bado jikoni. Ndugu zake walikuja wakauchukua mwili mochari, wakamzika kwenye shamba lao. Programu ya mazishi ilipogawiwa, jina la Jepleting halikuwemo. Alikaa nyuma na binti yake, kwenye viti vya majirani na marafiki. Mwaka uliofuata alipopeleka maua alikuta geti limefungwa kwa mnyororo, akayaacha hapo chini, akarudi. Na pale konani hakuna alama. Barabara ile imeua watu wengi mno, huwezi kumwekea kila mmoja msalaba wake. Kwa hivyo hapakuwa na mahali popote palipoandikwa kwamba siku ile mtu huyo alikuwa anakuja kwake.

Sasa, kwenye baraza ya hoteli hiyo kuna mchezo wa drafti ambao haujawahi kuisha tangu nihamie hapa. Wachezaji hubadilika, vifuniko vya soda hubadilika, kelele ni ile ile. Bingwa ni Ogada, fundi wa matairi, ambaye hucheza akiwa amesimama na hukutukana kwa upole kabla ya kukula. Mpinzani wake ni Ndung'u, mfanyabiashara wa viazi kutoka Molo, ambaye hajamshinda Ogada hata leo na bado anasema ni bahati mbaya. Hapo ndipo Sydney alipotukuta.

Alikuja na kamera shingoni na viatu vyeupe, na hilo peke yake lilitosha kumtambulisha kuwa si mtu wa Salgaa. Kwao ni Milimani, Nakuru, kwenye miti mingi na mageti meusi. Alisema anatengeneza mchezo wa mezani wa Kenya, si wa kuletwa kutoka ng'ambo, na jina lake ni Mteremko. Mnaanza Malaba kila mtu na lori lake dogo la mbao, mnarusha dadu, mnapita kwenye mizani, polisi, pancha, matope, na wa kwanza kufika Mombasa ndiye mshindi. Alitaka hadithi za madereva ili aziandike kwenye kadi. Alikuja tena na tena. Alichapwa drafti na Ogada kila siku na akacheka kila siku. Alikula chapati za Mama Jebet na kumwambia hata mamake hajui kupika hivyo. Hata mimi nilimpenda, na mpaka leo hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Pesa za kuutengeneza mchezo alikuwa akizitafuta kwenye mtandao, kwenye ukurasa ambapo watu wasiokujua wanakuchangia, halafu ukimaliza kazi unamtumia kila mmoja sanduku lake. Wasiomjua hawakuwa na haraka ya kumjua. Siku moja alikaa barazani ameshika tama. Ndung'u, mwenye moyo mkubwa kuliko akili, akamwambia, "Boss, hapa kwetu pesa haitoki kwa mtandao. Pesa inatoka kwa harambee. Weka tent, ita pastor, utaona."

Kosa lilianzia hapo, na lilikuwa letu. Kitu cha kuuzwa tulikifanyia harambee.

Hema likapigwa kwenye uwanja wa kuegesha magari. Mchungaji akauombea mchezo, akawaombea na watakaoucheza wasije wakaanza kamari. Ahadi ilikuwa kwamba kila atakayechanga ataletewa sanduku lake la Mteremko kabla ya Krismasi. Kisha Sydney akautoa ubao wa mfano, ule mmoja tu aliokuwa ameutengeneza kwa mkono, na mnada ukaanza.

Mnada wa harambee mnaujua. Jogoo anasimamishwa mezani, watu wanapandishiana bei kwa sifa, mnunuzi anapigiwa makofi, halafu anatangaza, "Nimenunua, na nimerudisha." Jogoo anauzwa tena. Akinunuliwa na watu sita, wote sita wanarudi nyumbani bila hata unyoya, wamefurahi, na mwenye harambee analala na pesa na jogoo. Anayenunua na kubeba anaonekana mchoyo. Hivyo ndivyo tulivyolelewa na sioni ubaya wake, ikiwa ni jogoo.

Ubao ukauzwa hivyo hivyo. Sydney alisema atakayeununua atachagua mahali pamoja kwenye ile barabara papewe jina alitakalo, na jina hilo litachapwa kwenye masanduku yote. Ndung'u akanunua, akachagua soko la viazi, akasema, "Nimerudisha." Ogada akanunua kwa msaada wa mafundi wote wa matairi, akachagua gereji, akarudisha. Halafu Mama Jebet akasimama.

Hajawahi kunyanyua mkono kwenye mnada wowote. Alikuwa bado na aproni. Akataja bei iliyowanyamazisha wote, akatembea mpaka mezani, akaweka kidole kwenye kona ya mwisho kabla ya Salgaa.

Sydney akacheka kidogo. "Mathe, hapo ni pabaya. Hapo ndio brake zinafail. Ukianguka hapo unarudi Malaba, unaanza upya."

"Najua kinachofanyika hapo," akasema Mama Jebet. "Nataka ubadilishe. Dereva akifika hapo, amefika. Akae chini, anywe chai. Asirudishwe."

Kijana akatoa kibandiko cheupe, akaandika kwa kalamu mbele yetu sote: KWA KIPRUGUT. DEREVA AMEFIKA. Akakibandika juu ya maandishi ya breki. Watu wakasimama kupiga makofi, mchungaji akafuta miwani. Kisha mwendesha mnada akauliza kama kawaida, "Mama, unabeba ama unarudisha?"

Nilikuwa nimekaa karibu. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa ubao na haukuachia mara moja. Watu wote walikuwa wakimtazama. "Narudisha," akasema.

Krismasi ilikuja na haikuja na kitu. Tuliwekwa kwenye grupu ya WhatsApp, nayo grupu ikawa mahali pa kusomewa visingizio. Kila ujumbe ulianza na "Family!" Family, kiwanda cha China kimefunga kwa mwaka wao mpya. Family, msanii wa kadi ameugua mkono. Family, tumeona tuboreshe yale malori madogo yawe na taa. Family, tazameni picha za uzinduzi wetu Naivasha. Tukatazama. Meza zilikuwa na vitambaa, watu walikuwa na glasi, ubao wetu ulikuwa umesimamishwa katikati ukimulikwa, na sisi tulioulipia hatukuwemo pichani wala hatukualikwa. Kitu pekee kilichotufikia ni fulana za njano zilizoandikwa Mteremko kifuani. Yangu nafutia grisi.

Simu ya Mama Jebet ni mulika mwizi, haina WhatsApp. Kila nilipofungua duka alikuja na kikombe cha chai, akasimama mlangoni. "Wameandika nini?"

"Wameandika upuzi."

"Kuhusu kona?"

"Kona hawajataja."

Alirudi jikoni. Sanduku hakuwahi kuliulizia. Sisi tuliuliza mchezo uko wapi, pesa ziko wapi, na yeye aliuliza kona tu.

Mwaka wa pili grupu ilioza. Sydney aliandika kwamba subira huvuta heri. Ogada akajibu, "Imevuta, tumeiona Naivasha imekunywa wine," na akaondolewa kwenye grupu dakika hiyo. Wakatokea wa kumtetea kijana, wakasema tunaua vipaji, ndiyo maana nchi haiendelei. Mwingine akamwambia mtetezi anyamaze, wote ni kabila moja la wala pesa. Basi kabila likaingia, na kabila likiingia kwenye mazungumzo yetu hakuna anayekumbuka tena walichokuwa wakizungumzia. Watu waliokula pamoja chini ya hema wakaitana majina ambayo sitayarudia. Sydney alikaa kimya akisoma. Tuliona alama za bluu.

Halafu siku moja akaandika maneno marefu. Safari ya Mteremko imefika mwisho. Gharama zimepanda. Hatutaweza kutoa masanduku. Asanteni kwa kuwa sehemu ya ndoto, nimejifunza mengi. Yeye alijifunza. Karo tulilipa sisi.

Mtu akauliza kuhusu kurudishiwa pesa, naye akajibu kwa sentensi moja ambayo bado inanichemsha damu: "With respect, hii ilikuwa harambee, na harambee hairudishwi."

Kilichoniuma ni kwamba ni kweli. Hakuna mtu aliyewahi kudai mchango wa harambee. Kijana wa Milimani, ambaye nadhani hajawahi kukaa kwenye harambee nyingine maishani mwake, alikuwa ameshika mila yetu na kututandika nayo. Mwizi wa kawaida ningemwelewa. Huyu alituibia kisha akatusomea desturi zetu.

Tulikutana barazani, sisi wanne. Ndung'u alitaka polisi. Ogada alitaka kumkunja shingo. Mama Jebet alikuwa akimenya viazi, hakuwa ameketi nasi, lakini ndiye aliyesema la maana. "Harambee hairudishwi. Lakini ubao uliuzwa. Uko wapi?"

Tukatazamana. Ubao wa mfano. Ulinunuliwa mara tatu mbele ya mchungaji, na ulikuwa kwa Sydney.

Tulikwenda na pikapu ya Ndung'u, ikiwa bado na udongo wa viazi. Milimani watu hawaegeshi pikapu za viazi mbele ya mageti, na hilo tulilihisi kabla hata ya kuzima injini. Mlinzi akatuambia tungoje. Tulingoja. Mwishowe akatoka mamake Sydney, mama mnene mwenye miwani ya kamba, mwalimu mkuu mstaafu. Alitupokea nje, geti likiwa limefunguliwa kiasi cha bega lake.

"Nyinyi ni watu wa wapi?" akauliza.

"Salgaa, mama," akasema Ndung'u, kofia mkononi. "Tunatafuta Sydney. Kuna kitu yetu ako nayo."

"Sydney hayuko sawa. Mmemsumbua na hizo message zenu mpaka hali chakula. Mtoto wangu ako depressed kwa sababu yenu."

"Sisi pia hatuli vizuri, madam," akasema Ogada.

"Si mlichanga kwa hiari? Nani aliwashikia bunduki?" Akamtazama Mama Jebet kutoka leso mpaka viatu. "Na wewe mama mzima unafuata game ya watoto mpaka hapa? Huna kazi?"

Jirani yangu huyu amewapa chai watu wengi kuliko waliowahi kupita kwenye geti lile, na siku hiyo hakuambiwa hata karibu maji. Geti likafungwa.

Nilidhani tumeshindwa. Nikamtafuta Ogada nikamwona nyuma ya pikapu akitoa ubao wa drafti na mfuko wa vifuniko vya soda, ambavyo hutembea navyo kama wengine wanavyotembea na kitambulisho. Akaweka ubao juu ya kreti mbele ya geti. "Ndung'u, kuja nikuchape."

Kama hujawahi kusikia drafti ya Salgaa ikichezwa, mshukuru Mungu. Si mchezo wa kimya. Kila kifuniko hupigwa chini kwa nguvu, kila kuliwa kuna matusi, na mtazamaji ana haki ya kupiga kelele kuliko mchezaji. "Kula hapo, mzee wa viazi! Umeona macho yako? Pale, pale kwa shimo!" Mapazia yakaanza kusogea. Mlinzi wa jirani akaja kuuliza, akabaki kutazama. Mlinzi wa pili akaja, akaomba kucheza na mshindi. Mpishi wa nyumba ya tatu akasimama ukutani akimshauri Ndung'u vibaya. Mama mmoja akapita na mbwa mdogo aliyevaa sweta, akauliza kama kuna matanga. Mimi nikamwambia, kwa sauti ya kusikika ndani, kwamba hapana, tumekuja kungoja mchezo tulioulipia kwa kijana wa nyumba hii, na tutangoja mpaka upatikane, hata wiki. Nilikuwa nimevaa ile fulana ya njano. Sikuwahi kuivaa tena.

Jua lilikuwa halijafika mbali geti lilipofunguka. Sydney mwenyewe. Amenyoa ndevu vizuri kwa mtu asiyekula. Alikuwa na ubao kwapani na hakutazama uso wa mtu.

"Chukueni," akasema. "Mnanishame tu kwa watu bure. Mimi sikuiba. Mimi niliamini hii kitu kuliko nyinyi wote."

Mama Jebet akaupokea kwa mikono miwili. "Kona yangu iko?"

"Iko, mathe," akasema, na geti likafungwa.

Tulirudi Salgaa tukiimba. Furaha hiyo haikumaliza hata kikombe cha kwanza. Ubao ulipolazwa mezani hotelini, Ndung'u akauvuta upande wake. Alisema yeye ndiye mnunuzi wa kwanza, na pikapu ni yake, na dizeli ni yake. Ogada akasema wa kwanza alirudisha mbele ya mchungaji, na bila drafti yake tungekuwa bado tunamwamkia mlinzi. Ndung'u akasema hata Ogada mwenyewe alirudisha. Ogada akasema basi ni wa mafundi wa matairi kwa wingi wa wachangaji. Wanaume wawili waliokuwa ndugu asubuhi wakaanza kukumbushana madeni na maneno ya miaka, na Ndung'u akasema kumbe watu wa grupu walikuwa na haki kuhusu watu fulani. Nikamwambia afunge mdomo. Akaniambia mimi sikununua chochote, nina fulana tu.

Mama Jebet hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameinama juu ya ubao, akitafuta. Aliipata kona, akasoma, akanyanyuka. "Wachuka, njoo unisomee. Macho yangu yananidanganya."

Hayakumdanganya. Palipokuwa na jina la mumewe palikuwa na kibandiko cha rangi, cha wakala wa bima, chenye namba ya simu na picha ya mwavuli. Chini yake: BREKI ZIMEKATA! JE, ULIKUWA NA BIMA? RUDI MALABA.

Aliteleka birika. Tulidhani anatutengenezea chai ya kutupatanisha. Maji yalipochemka akauleta ubao juu ya mdomo wa birika, akaishika ile kona kwenye mvuke, akangoja, kisha akaanza kuinua pembe ya kibandiko kwa ukucha. Bima ikatoka. Chini yake kulikuwa na kibandiko kingine, cha duka la matairi, nacho pia kilikuwa kikimrudisha dereva Malaba. Akaurudisha kwenye mvuke. Vidole vyake vilikuwa vimekuwa vyekundu na hakuviondoa. Matairi yakatoka. Chini kabisa, wino umefifia kidogo, mwandiko ule ule: KWA KIPRUGUT. DEREVA AMEFIKA.

Kona hiyo ilikuwa imeuzwa tena na tena baada yake. Nilielewa pale kwamba hata masanduku yangekuja, yangekuja na mwavuli. Nililia, na si kawaida yangu, na nililia kwa hasira.

Kule mezani bado walikuwa wakivutana. Ogada, akijaribu kuleta mzaha, akasema, "Basi tufanye kama Sulemani. Tukate."

Wakacheka. Mama Jebet akaingia jikoni akatoka na kisu cha sukuma. Ubao ulikuwa wa kadibodi ngumu, haukukubali mara moja. Akaulaza juu ya meza, akaukandamiza kwa goti, akakata upande mmoja, akageuza, akakata wa pili. Ndung'u akaruka. "Mama Jebet, hiyo ni mali ya watu!"

"Mali ya watu ni hiyo inayobaki," akasema, bado anakata. "Mgawane."

Kanisani hutuambia mama wa kweli ni yule anayekikataa kisu. Sijui. Mimi nilimwona aliyekishika.

Kipande kilitoka, kidogo kama kiganja. Alikipigilia msumari ukutani, juu ya meza ya karibu na dirisha, ile ambayo Kiprugut alikuwa akikalia ili aone trela yake. Ndung'u na Ogada waliutazama ubao wenye shimo, na hakuna aliyeutaka tena. Ukakaa miezi juu ya pipa la maji.

Sydney alirudi wakati wa mvua ndefu. Sikuamini macho yangu. Viatu vyeupe, simu mpya, akaruka madimbwi mpaka ndani na kukaa kwenye meza ya dirishani bila kutazama ukuta. Nikaacha mteja dukani nikaenda kusimama mlangoni mwa hoteli.

"Mathe, sasa. Umepotea sana," akasema, kana kwamba ni yeye aliyetelekezwa. "Mathe, niko na story poa. Nimepata investor wa Nairobi, mtu serious. Anataka kuona ile sample. Hii time inaenda. Nisaidie nayo siku moja tu, si ni yetu sote?"

Mama Jebet alimletea chai. Akamletea na chapati, ile ya chini. Kisha akaenda kwenye pipa, akapangusa ubao kwa aproni, akaulaza mbele yake.

Kijana alifurahi mpaka akasimama. Ndipo akaona shimo. Akapitisha kidole kwenye ukingo wake, akazunguka, akainua macho, na kwa mara ya kwanza akaona kile kipande juu ya kichwa chake. Akasoma mwandiko wake mwenyewe. Nilingoja aone haya. Alikuwa akifikiria gundi.

"Hiyo naweza rudisha na glue," akasema. "Haitaonekana. Mathe, nipe hako kapande tu."

"Hapana."

"Na huyo mtu akiniuliza mbona barabara imekatika hapa, nimwambie nini?"

"Mwambie dereva amefika."

Mama Jebet akakitwaa kikombe cha kijana, ambacho chai yake haikuwa imeisha, akaenda kukiosha.